Matairi ya Mtu Jasiri

Jumapili, 2 Novemba

Siku mbaya. Ilianza vizuri, ndiyo maana imeuma.

Tulikuwa kituo cha mafuta, pale tunapokutana sisi wenye pikipiki za mbio kila Jumapili asubuhi kunywa chai ya mashine na kusifiana. Nilikuwa nimeiegemea yangu kwa namna niliyoifanyia mazoezi. Mguu mmoja mbele, kofia ngumu kwapani. Kisha Bwana Miwani akachuchumaa nyuma ya pikipiki yangu.

Bwana Miwani hupima watu macho na kuwauzia miwani. Pikipiki yake ni sawa na yangu, rangi tu ndiyo tofauti. Kazi yake ni kuona, na huona hata visivyomhusu. Alipitisha kidole kwenye tairi langu la nyuma, katikati, kisha pembeni, kisha akawaita wenzake.

Nieleze, maana hata mimi nikisoma tena nitataka kujua kwa nini niliumia. Tairi la pikipiki ya mbio limevimba, halikulala bapa kama la gari. Ukiilaza pikipiki kwenye kona, ubavu wa tairi ndio unaoshika lami. Anayelaza sana, tairi lake hulika mpaka ukingoni. Mimi silazi. Mimi naenda kazini na kurudi, barabara moja, nyoofu. Kwa hiyo tairi langu limelika katikati tu, limekuwa bapa kama meza, na pembeni bado lina vile vinywele vya mpira lililotoka navyo kiwandani. Bwana Miwani alivishika vinywele hivyo kwa vidole viwili, taratibu, kama anayemshika paka sharubu. Akasema pembeni tairi ni jipya kabisa, kama sahani za wageni. Akauliza kama naiendesha pikipiki hii au naitembeza tu ipate hewa.

Walicheka wote. Nilicheka kuliko wote, ili ionekane sijali. Nadhani ilionekana najali.

Na mwezi huu ndio tunamchagua wa kututangulia kwenye safari ya milimani! Nilikuwa nimeshaanza kujipendekeza kwa kila mtu. Kazi bure.

Nyumbani, pigo la pili. Mke wangu anakagua lifti za maghorofa. Kutwa nzima hutazama nyaya na breki, kisha huwaambia wenye majengo kwamba lifti yao haitembei mpaka irekebishwe. Alitoka uani, akalitazama tairi hilohilo. Yeye hakutazama pembeni. Alitazama katikati, akasema ni kipara, na kama ingekuwa lifti angeifunga leo.

Kisha akasema, bila kuniangalia, kwamba anaikumbuka ile njia ya bwawani. Zamani tulikuwa tukienda huko Jumapili, wawili tu, tunakaa ukingoni tunakula machungwa. Hajapanda tena tangu siku ile ya mvua tairi lilipoteleza kwenye mzunguko wa barabara. Aliteremka, akavua kofia yake ngumu, akatembea mpaka nyumbani akiwa ameikumbatia. Hakunigombeza hata neno moja. Bora angenigombeza. Leo amesema nikiweka matairi mazuri ya mvua, atapanda. Hata Jumapili ijayo.

Nimemwahidi. Na nilimaanisha. Chakula kizima cha mchana nilikuwa bado namaanisha.

Jumatatu, 3 Novemba

Nauza magodoro. Nasimama siku nzima katikati ya vitanda, na bosi haruhusu muuzaji alale, akae, wala aegemee. Nadhani hakuna adhabu kubwa kuliko hii kwa mtu aliyechoka.

Wateja ni waongo. Nawauliza wanalalaje, maana ndivyo mtu anavyochaguliwa godoro. Kila mmoja anasema hulala chali, mikono kifuani, ametulia kama mfalme. Hajapatikana wa kusema hulala kifudifudi, mguu mmoja nje, mate kwenye mto. Basi nawauzia godoro la mfalme. Baada ya muda wanarudi wameshika viuno. Siku hizi sibishani nao. Najiuliza tu, mtu mzima anamdanganya nani?

Saa ya mapumziko nikakimbia nyumbani na kipande cha msasa. Mpango: kusugua pembeni mwa tairi mpaka lionekane limelika kwenye kona za hatari. Rahisi! Sijui kwa nini watu wanahangaika kwenda milimani.

Mama mkwe anakaa nasi tangu mgongo ulipoanza kumsumbua. Akatoka na kiti chake kutazama. Akaniuliza kwa nini nasugua gurudumu kama sufuria iliyoungua. Nikasema ni uchafu. Akaingia ndani, akarudi na sabuni na waya wa kusugulia vyombo, akasema uchafu wa mpira hautoki kwa karatasi. Mkwe hakataliwi. Tukasugua pamoja. Anasugua vizuri kuliko mimi. Upande wa kushoto ukapendeza, rangi ya goti la tembo. Wa kulia haukuguswa. Mapumziko yaliisha, na mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi.

Mchana mzima wateja wamelala mbele yangu wakati mimi siwezi kuinua hata shuka.

Jumanne, 4 Novemba

Nikapita kituo cha mafuta kujaza upepo ambao haukuhitajika. Bwana Miwani alikuwepo, kama nilivyotarajia. Nikaigeuza pikipiki, ubavu wa kushoto ukamwelekea. Akachuchumaa. Akatazama. Akanyamaza. Nikajiona nimerefuka.

Kisha akazunguka upande wa pili! Sikuwa nimefikiria kwamba mtu ana miguu.

Sasa watu wote wanajua kwamba mimi hukata kona za kushoto peke yake, kama ngamia wa kinu, na kwamba nikitaka kurudi nyumbani lazima niuzunguke mtaa mzima. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, kwamba tairi langu linanukia sabuni. Hilo alilisema kwa huruma. Kejeli naiweza. Huruma imenimaliza.

Jumatano, 5 Novemba

Duka la matairi.

Muuzaji ni mtu wa aina yangu. Hulipapasa tairi kama ninavyopapasa godoro, kiganja kizima, macho kwa mteja. Alinionyesha aina mbili. La kwanza lina mifereji mingi ya kutolea maji mvua ikinyesha, katikati gumu lisilike upesi, pembeni laini kiasi. Tairi la heshima. Tairi la mtu mwenye mwavuli. La pili ni la uwanja wa mashindano. Karibu halina mfereji, mikwaruzo michache tu, kama uso wa mtu asiyewaza kitu. Ukilibonyeza linabonyea. Zuri! Zuri mpaka linatisha.

Nilikwenda kwa ajili ya lile la kwanza. Naliandika hapa ili nilisome nikiwa mzee.

Muuzaji akasema kuchagua si kazi, nimjibu tu maswali yake. Naendesha wapi? Nikasema milimani. Mara kwa mara? Nikasema kila nipatapo nafasi. (Sijawahi kufika.) Nabeba mtu nyuma? Hapo nikamwona mke wangu, ameikumbatia kofia yake kwenye mvua. Nikasema niko peke yangu. Mvua je? Nikasema ikinyesha nakaa nyumbani nafanya mazoezi ya tumbo. Sijui hilo tumbo lilitoka wapi. Na kwenye kona nalaza kiasi gani? Nikamwonyesha kwa mkono. Mkono ulikaribia kugusa sakafu. Macho yakamtoka pima.

Akasema kwa mtu wa namna hiyo hakuna mjadala, ni la pili. Nilimwona kabisa kwamba amempenda mtu huyo. Hata mimi nilimpenda. Nikamnunulia matairi yake, la mbele na la nyuma.

Nilipofika mlangoni akaniita. Akasema bila shaka najua kwamba matairi hayo hayashiki lami mpaka yapate moto, na kwamba kwenye maji ni kama sabuni. Nikapunga mkono. Nikasema kwani mimi mgeni?

Alhamisi, 6 Novemba

Fundi ameyafunga. Alifanya kazi yote huku akiongea na simu iliyobanwa begani, akimgombeza dada yake kuhusu friji. Aliponikabidhi ufunguo alisema niende polepole mwanzoni. Sijui aliniambia mimi au dada yake.

Nimeendesha mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba mayai. Kila kona ndogo, gurudumu la nyuma linafikiria kwanza.

Mke wangu alichungulia dirishani, mikono ina povu la sabuni. Akauliza kama ndiyo yale. Nikasema ndiyo yenyewe. Si uongo. Matairi yale ni yenyewe, hayawezi kuwa mengine. Akatabasamu. Nimesikia akiimba jikoni. Ameteremsha kofia yake kutoka juu ya kabati na kuifuta vumbi.

Nimekaa uani kwa muda bila kufanya kitu. Nimechoka. Uongo wa kona za milimani haukunichosha hata kidogo. Huu mdogo umenilemea.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimeanguka! Si milimani. Mbele ya duka letu, mlango wa kupakulia mizigo, mwendo wa mtu anayesukuma mkokoteni.

Tatizo nimeligundua. Nyumbani na kazini ni karibu mno. Kabla tairi halijapata moto nimeshafika. Asubuhi, lami baridi, nikapinda kuingia, gurudumu la nyuma likaaga. Bahati yangu walikuwa wanashusha magodoro. Nikatua juu ya lile la sponji mbili, kofia kichwani, mikono kifuani.

Bosi alikuwa pale na mume na mke waliokuja mapema. Mke akamuuliza mumewe kama ameona jinsi lilivyompokea yule mtu. Wakalinunua hilohilo. Bosi amenipongeza. Ameniambia lakini nisifanye kila siku, anauhofia mgongo wangu. Bosi ni mzee mwema. Mgongo wake mwenyewe umeharibika kwa miaka ya kubeba vitanda, na bado akiniona nimesimama sana huniletea maji.

Haya. Shida ni moto. Ngoja nifikirie.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimefikiria. Blanketi la umeme!

Wanamashindano hufunika magurudumu yao kwa vitambaa vya moto kabla ya kuanza. Mimi ninacho kitambaa cha maonyesho dukani, kile cha kupasha kitanda, nikakiazima bila kumsumbua mtu. Hicho kikawa cha mbele. Cha nyuma nikachukua mto wa umeme wa mama mkwe, ule wa kuwekea mgongoni. Alikuwa anaoga. Nilidhani anaoga muda mrefu.

Alinikuta uani. Pikipiki imesimama, imefungwa magurudumu yote mawili, nyaya zinaingia dirishani. Mimi nimeweka kiganja kwenye tairi kama muuguzi. Akatazama. Akauliza, kwa sauti ya chini ya mtu anayeogopa jibu, kama inaumwa.

Nikasema ina baridi kidogo.

Akasema hata yeye ana baridi kidogo. Akauchukua mto wake, akauweka mgongoni palepale, akaondoka. Mchana akamuuliza binti yake kama harufu ya mpira ni dalili ya ugonjwa fulani wa uti wa mgongo. Kisha akauliza kama magurudumu nayo hupata homa. Mke wangu akanitazama. Nikajitia hamnazo, nikaomba chumvi. Chakula kilikuwa na chumvi tele.

Jambo moja limethibitika: tairi likipashwa linashika. Nimezunguka mtaa mara kadhaa, kama gundi! Halafu likapoa.

Jumapili, 9 Novemba

Sina hamu ya kuandika. Naandika.

Asubuhi jua kali. Lami moto. Nikajiambia kwenye jua kama hili hata tairi la mashindano ni tairi. Mke wangu akavaa koti lake, akapanda nyuma, akanishika kiunoni kama zamani. Sikuwa nimejua kwamba nimeukosa mkono ule kiasi hicho. Njia yote ya kupanda bwawani kuna kona, nami nilizikata taratibu, na matairi, yakiwa yamepata moto, yakashika vizuri mno. Kwenye kona ya pili kutoka juu akaulaza upande wa kofia yake mgongoni kwangu. Nilijiona mwanamume kamili, na mwizi pia, kwa pumzi ileile.

Tukala machungwa. Akanisimulia kuhusu mwenye jengo mmoja aliyebandika kioo kizuri ndani ya lifti mbovu ili watu wajitazame wasisikie mlio. Tukacheka. Kisha mawingu yakaja kutoka ng'ambo ya maji, na kabla hatujafunga vifungo vya makoti, mvua. Mvua kweli.

Nikaitazama ile barabara ya kuteremka. Kona zote zile, zinang'aa. Nikamtazama anavaa glavu zake, tayari, bila wasiwasi wowote.

Nikaizima swichi nyekundu ya injini kwa kidole gumba, nikabonyeza stata. Kimya. Nikabonyeza tena. Nikatikisa kichwa kama fundi.

"Haiwaki?"

"Haiwaki."

"Iliwaka vizuri asubuhi."

"Mashine hizi. Unazijua mwenyewe."

"Nazijua," akasema. "Na swichi umeizima wewe. Nimekuona."

Watu wamekuwa wakimdanganya kuhusu mashine tangu alipoanza kazi. Mimi nilidhani nitakuwa wa kwanza kufaulu. Akateremka, akazunguka nyuma, akachuchumaa kwenye mvua mbele ya tairi. Akapitisha kidole. Akakirudisha. Akatafuta tena, kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Maji yanapita wapi?"

Nikauliza maji gani.

Akakinga mvua kwa kiganja, akalimwagia tairi. "Haya hapa. Yanapita wapi?"

Nikasema hayapiti.

"Kwa hiyo ulijua. Tangu tunatoka nyumbani."

Nikasema kulikuwa na jua.

Tukakimbilia kibanda kitupu cha mlinzi. Nilingoja anifokee. Akakaa tu, akakamua glavu zake. Kisha akasema kwamba wakati tunapanda, kwenye zile kona, alikuwa amefumba macho kwa raha. Hafumbi macho kwenye lifti yoyote, hata zile alizozikagua mwenyewe. Leo alifumba kwa sababu nilimwambia ndiyo yenyewe.

Nikatoka mlangoni, nikatazama barabara.

Na hapo, kutoka ng'ambo ya bwawa ulipo uwanja wa mashindano, ikatokea pikapu. Nikaipungia. Ikasimama. Dereva: Bwana Miwani! Nyuma, pikipiki yake imefungwa kamba kama mbuzi, na pembeni yake matairi yaliyotumika, yamelika mpaka ukingoni, yanapendeza.

Aliponitambua uso ulimsawijika. Mimi bado sikuelewa. Mke wangu alielewa kabla kioo hakijateremka.

Alitusaidia kupakia pikipiki yangu, akatukaribisha mbele. Mke wangu katikati, sisi wawili tumebanana milangoni kama watoto waliokamatwa. Tukateremka kona zote kwa gea ndogo. Mwisho mke wangu akauliza, kwa adabu kabisa, matairi yale ya nini. Bwana Miwani akakohoa. Akasema wanamashindano huyatupa. Yeye huyaokota, huyafunga kwenye pikipiki yake. Yanakuja yakiwa tayari yamelika pembeni. Akaongeza, karibu kwa kunong'ona, kwamba macho yake si mazuri kwenye kona.

Mke wangu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani akajifuta machozi. Nami nikacheka, nikidhani mambo yameisha. Akaniambia mimi ninyamaze.

Jumatatu, 10 Novemba

Ameomba ruhusa kazini. Anikague mimi, nadhani. Nilipotoka kazini tukaenda pamoja duka la matairi.

Muuzaji alinipokea kwa shangwe, akaniuliza habari za milimani. Mke wangu akasema atajibu yeye. Akaomba aulizwe maswali yote upya, kuanzia la kwanza.

Naendesha wapi? "Nyumbani na kazini." Milimani je? "Hajui hata njia." Nabeba mtu? "Mimi, akinipata tena." Mvua? "Ikinyesha huwa anatoka, maana hutazama nguo zake tu, hatazami mawingu." Kona? Hapo alifikiri kidogo, akitaka kunitendea haki. "Za kushoto hujitahidi. Za kulia anaziogopa."

Sikujua kwamba anajua kuhusu za kulia. Sikujua kwamba mimi najua.

Kila jibu muuzaji alikuwa akinitazama, na yule mtu jasiri akipungua mbele ya macho yake, mpaka akabaki huyu. Nilimwonea huruma muuzaji. Najua uchungu wa kumpoteza mteja mzuri. Akalipapasa lile tairi la mifereji, akasema basi ni hili. Mke wangu akaingiza ukucha kwenye mfereji, akapima kina, akatikisa kichwa kukubali.

Njiani nikamwomba radhi. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe. Amesema amesikia.

Jumatano, 12 Novemba

Matairi ya mvua yamefungwa. Fundi bado na friji ya dada yake.

Muuzaji hakutaka kuyapokea tena yale ya mashindano. Yalikuwa yamekaa uani nikawa nazunguka mbali nayo. Leo nimemkuta mama mkwe amelaza la nyuma chini ya dirisha, ameweka mto katikati, amekaa. Anasema tangu aanze kuumwa hajapata kiti kama hiki. Ni laini na halitelezi. Anataka la mbele aweke miguu.

Angalau kuna mtu mmoja nyumbani limemfaa.

Kazini kimya. Mteja mmoja aliniambia hulala chali. Nikamtazama sana. Nikamuuzia la mfalme. Nilikuwa nimechoka.

Jumapili, 16 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Mke wangu akatoka na kofia yake, akasimama kando ya pikipiki, akangoja. Nikaiwasha taratibu, nikiogopa kuharibu.

Tumekwenda mpaka bwawani na kurudi. Maji yakitawanyika nyuma yetu, tairi limeshika, hata kwenye za kulia. Sijaona kitu, kioo cha kofia kilijaa ukungu, lakini nilimsikia akiimba mgongoni kwangu, wimbo wote, pamoja na sehemu zisizo na maneno. Sikumbuki Jumapili nzuri kama hii. Namwandikia mtu yeyote atakayesoma: usimdanganye muuza matairi. Mwambie ukweli. Mimi nimekoma. Nimejifunza!

Tulipopita kituo cha mafuta wenzetu walikuwa wamejikinga chini ya paa. Bwana Miwani na mimi tukasalimiana kwa kichwa, kama watu waliowahi kukutana hospitali wakienda kutibiwa gonjwa la aibu. Hakugusa tairi langu. Sikutazama lake.

Kulikuwa na mgeni. Mwanamke mwoka keki za harusi, ametoka milimani kwenye mvua hiyohiyo, anakunywa chai kana kwamba ametoka dukani. Magotini mwa suruali yake ya ngozi kuna vile vipande vya plastiki ngumu vya kukwaruza lami mtu akiilaza pikipiki mpaka goti liguse. Vyake vimekwaruzika vibaya, kimoja karibu kutoboka. Watu walivizunguka kama vimeshuka kutoka mbinguni. Kabla hajamaliza kikombe wakamchagua atutangulie safari ya milimani. Hata Bwana Miwani alinyoosha mkono.

Kisha Mama Keki, maana tayari wanamwita hivyo, akatazama magoti yangu. Alitazama tu, kwa upole.

Suruali yangu haina hata hivyo vipande.

Jumanne, 18 Novemba

Sasa inavyo. Nimevinunua jana. Tatizo vinang'aa kama vijiko.

Nimechunguza. Sakafu ya nyumbani ni laini. Bwana Miwani kanipigia simu, kwa sauti ya mtu aliyefunga mlango, akaniambia kwake ni vigae, haikwaruzi kitu, na akauliza kwetu dukani sakafu ya stoo ikoje. Nikamwambia ni saruji, tena mbaya, na imeshawahiwa na mimi.

Mapumziko. Watu wote wamekwenda kula. Nimevaa suruali ya ngozi, nimeingia kule tunakopakulia mizigo, nimepiga magoti, nimeanza kutambaa. Goti la kushoto linatoa mlio mzuri. Nimefika kwenye magodoro ya watoto nikasikia mlango.

Bosi. Ameuliza natafuta nini.

Nimesema kifungo cha shati.

Akaweka chai yake chini. Akajishika kiuno, akashuka polepole, goti moja, kisha la pili, akilalamika kidogo. Akaniuliza kifungo ni cha rangi gani. Nikasema nyeupe. Tukatambaa bega kwa bega mpaka ukutani, tukageuka, tukarudi. Anasema tusikate tamaa, kitapatikana.

La kushoto limekwaruzika vizuri sana. Kesho nitapoteza kingine, kwa ajili ya la kulia.